Simu isiyopiga hodi

Jumatano moja saa tano asubuhi nilibonyeza 700 kwenye simu ya mezani, nimeshajiandaa kabisa, nikitegemea sauti yangu itoke kwenye spika za simu 14 za ofisi kwa wakati mmoja. Badala yake simu zote 14 zikaanza kulia. Zote, mpaka ile ya kwenye korido ambayo haijawahi kulia tangu tuifunge. Watu wakaanza kupokea mmoja mmoja, "halo?", "halo?", "nani mwenzangu?", na kila aliyepokea anaingia kwenye laini ileile na wenzake ila hakuna anayemsikia mwenzie, wote wananisikia mimi tu nikisema "samahani, jaribio, samahani." Nikakata. Haijapita dakika mbili bosi akanipigia kuuliza kama kuna moto.

Kazi yenyewe ilivyotajwa kwenye kikao ilisikika ndogo. Walitaka vitu viwili: namba moja ya kutangazia ofisi nzima, na chumba cha mkutano wa simu ambacho watu wa ndani na wa nje wanaweza kuingia wakaongea pamoja. Seva tayari ipo, inaendesha Asterisk, ile programu ya bure ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999, simu zipo, swichi ipo. Nikasema nusu siku inatosha. Ikachukua wiki mbili na siku kadhaa, na naandika hapa kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilikuta maelezo mengi ya zamani ambayo yananipeleka mbele hatua moja afu yananirudisha mbili.

Kabla ya setingi niseme kitu kimoja kilichonifungua macho. Kuna njia tatu za kupigia watu wengi kwa namba moja na watu wanazichanganya, hata mi nilizichanganya. Ya kwanza ni kundi la kulia, simu zinapiga hodi kwa wote, atakayewahi kufungua mlango ndo anaongea na mgeni, wengine zinanyamaza. Ya pili ni mkutano, hapo wageni wenyewe ndo wanakuja mlangoni, kila mmoja anapiga hodi kwa wakati wake na kuingia. Ya tatu ndo hii ya tangazo, mafundi tunaiita peji, na peji haipigi hodi kabisa, inasukuma mlango inaingia na kuanza kuongea uwe umejiandaa usiwe umejiandaa.

Sasa ukiangalia Asterisk inavyofanya kwa ndani, peji na mkutano ni ndugu wa tumbo moja. Ukiita Page(), amri ya Asterisk ya kupiga peji, seva inafungua chumba cha mkutano cha muda (siku hizi inatumia programu ya mikutano ya ConfBridge, zamani ilikuwa MeetMe ambayo ilikudai uwe na DAHDI, madereva ya kadi za simu, hata kama huna kadi yoyote ya simu), inazipigia simu zote ulizozitaja, kila inayopokea inasukumizwa chumbani ikiwa imezibwa mdomo, we peke yako ndo mdomo wazi. Ukikata, chumba kinavunjwa. Basi. Ndo maana siku ile watu walipokea na kunisikia lakini hawakusikiana, seva ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu. Kilichokosekana ni simu kujifungulia mlango zenyewe.

Na hapo ndo kwenye kazi. SIP yenyewe, itifaki ambayo simu hizi zinaongea, ilivyoandikwa kwenye waraka rasmi wa viwango, RFC 3261, mwaka 2002 haikuwa na namna rasmi ya kuiambia simu "pokea mwenyewe." Namna rasmi ilikuja baadaye, RFC 5373 ya mwaka 2008, wakati watengenezaji wa simu walishajitungia za kwao. Kwa hiyo wengine wanasikiliza heda (mstari wa maelezo ndani ya ujumbe wa SIP) ya Call-Info yenye maneno answer-after=0, wengine wanataka Alert-Info, na wengine wanakubali zote mbili. Ukiwa na simu za aina moja unashukuru Mungu. Mi nilikuwa na aina mbili, na moja wapo ina toleo la programu la siku nyingi.

Afu juu ya hapo, simu yenyewe lazima ikubali. Kuna sehemu kwenye ukurasa wa setingi wa simu, kwa Yealink iko upande wa intakomu, kwa Grandstream kuna kipengele cha kuruhusu kujipokea kwa Call-Info, na kama kimezimwa we tuma heda mpaka uchoke, simu italia tu kama kawaida. Kwa hiyo kuna milango miwili, wa seva na wa simu, ukifungua mmoja tu hupiti.

Nilivyofanya kwanza ni kunakili mfano niliokuta, unaoweka heda kwenye laini ya anayepiga halafu ndo unaita Page. Ule mfano uliandikwa enzi za chan_sip, moduli ya zamani ya Asterisk ya kuongea SIP, ambapo heda uliyoiweka pale inarithiwa na simu zinazopigiwa. Kwa PJSIP, moduli mpya iliyochukua nafasi yake, hairithiwi. Na chan_sip kwenyewe ilishaondolewa kabisa kuanzia Asterisk 21, mwaka 2023, kwa hiyo hata ukitaka kung'ang'ania ya zamani huna pa kung'ang'ania. Kwenye PJSIP heda inawekwa kwenye kila laini inayotoka, kabla haijapiga, kwa kutumia chaguo la b la Page. Hivi ndo ilivyo sasa hivi kwangu, nimepunguza simu ili isomeke:

[ndani]
exten => 700,1,Page(PJSIP/101&PJSIP/102&PJSIP/103,isb(jipokee^weka^1))

[jipokee]
exten => weka,1,Set(PJSIP_HEADER(add,Call-Info)=<sip:peji>\;answer-after=0)
 same => n,Return()

Tazama hiyo alama ya mkwaju wa nyuma kabla ya nukta-mkato. Hiyo ilinila jioni nzima. Kwenye mafaili ya Asterisk nukta-mkato ni mwanzo wa maelezo ya pembeni, kila kitu baada yake seva haikisomi, kwa hiyo mi nimeandika mstari mzuri kabisa lakini seva imeukata katikati na kutupa nusu, na nusu iliyobaki haina maana. Nikawa nawasha na kuzima simu, nabadilisha setingi za simu, nikailaumu swichi. Mwishoni nikafungua konso, sehemu ya kuiandikia Asterisk amri, nikaandika pjsip set logger on, nikapiga 700 nikaanza kusoma ujumbe unaotoka. INVITE, ujumbe wa kuiita simu, imetoka. From ipo, To ipo, Contact ipo, Call-Info haipo. Halafu simu inajibu 180 Ringing, inaendelea kulia, kama ilivyoombwa. Simu haikuwa na kosa lolote jamani, hakuna mtu aliyeiambia ijipokee.

Nilivyoweka ule mkwaju na kusoma upya mpango wa namba, 200 OK, yaani "nimepokea", ikarudi hapohapo, ikasikika mlio mfupi, na sauti yangu ikatoka upande wa pili wa ukuta. Nusu saa nzima nilikuwa natangaza vitu visivyo na maana.

Ila usifikiri imeisha. Hizo herufi mbili mwanzoni mwa isb kwenye mstari wa 700, i na s, kila moja ina kisa chake. Ile i inazuia simu iliyoelekezwa kwingine isipeleke peji huko. Kabla ya kuiweka kulikuwa na mwenzetu yuko likizo, simu yake ya mezani imeelekezwa kwenye simu yake ya mkononi, kwa hiyo kila tangazo la "gari lenye mizigo limefika" linamfuata aliko na kumlia mfukoni. Alivumilia siku mbili. Ile s inaiambia seva iziruke simu ambazo ziko kwenye maongezi, manake bila hiyo unaweza kumwingilia mtu anayebembeleza mteja. Kwenye FreePBX, ile sura ya kuendeshea Asterisk kwa kivinjari, hivi vyote ni vitufe tu, kuna moduli ya peji na intakomu, unaingiza namba ya kundi, unachagua simu, na kwa simu zenye shughuli unaamua ziachwe, zilazimishwe, au mtu anong'onezwe bila wa upande wa pili kusikia. Mi nasema ziachwe. Kama kuna tangazo la hatari kweli, tengeneza kundi la pili lenye namba tofauti lisilo na s, na uwape namba hiyo watu wachache. Halafu kwa intakomu ya mtu mmoja mmoja FreePBX inatumia *80 ikifuatiwa na ekstensheni, yaani namba ya ndani ya mtu, na mtu asiyetaka kuingiliwa anaifunga kwa *55 akitaka kuifungua *54. Waambie watu hizo namba mapema, usisubiri waanze kuchomoa waya. Nimeshuhudia waya ukichomolewa.

Kuna chaguo pia la d, linafungua midomo ya wote ili waweze kujibu. Usiliweke kwenye kundi kubwa. Nililiweka nikidhani ni ustaarabu, watu waweze kusema "tumekusikia". Kwenye chumba kimoja nilikuwa na simu nne, meza zimebanana. Nikapiga. Maikrofoni ya simu ya kwanza ikachukua sauti ya spika ya simu ya pili, ikairudisha chumbani, ya tatu ikaichukua tena, ndani ya sekunde mbili tatu kukawa na mlio kama kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika, wale wanne wameziba masikio na mi niko ghorofa nyingine sijui kinachoendelea, nasikia mluzi tu.

Hata ukiondoa d, simu nne kwenye chumba kimoja bado ni tatizo, dogo lakini linaudhi. Seva inapeleka sauti kwa kila simu kivyake, na kila simu ina bafa yake inayokusanya paketi kabla ya kuzicheza, kwa hiyo hazisemi kwa pamoja kabisa, moja inatangulia nyingine inafuata, unasikia kama mtu anaongea ndani ya tangi. Dawa yake haihitaji utaalamu wowote: chumba kimoja, simu moja kwenye kundi. Nilipunguza kundi kutoka simu 14 hadi 8 na hakuna aliyelalamika kwamba hasikii.

Ukubwa wa mtandao nao nilikuwa nauogopa bila sababu. Kwa G.711, namna ya kawaida ya kubeba sauti ya simu, sauti ni kilobiti 64 kwa sekunde, inakatwa vipande 50 kila sekunde, kila kipande kina baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa, jumla inakuwa kilobiti 80, na ukihesabu na vya Ethernet inafika kama 87. Simu 30 ni megabiti mbili na nusu hivi, kwa swichi ya ndani hiyo si kitu. Shida inakuja kama simu 20 kati ya hizo ziko tawi lingine na zote zinapita kwenye intaneti ileile ya kupandishia, hapo seva inapandisha nakala 20 za sentensi moja.

Ndo maana kuna watu watakwambia achana na Page, tumia multikasti. Hapo simu ya anayetangaza inarusha sauti mara moja tu kwenda anwani maalumu, kwenye ile safu ya 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, na simu yoyote iliyoambiwa isikilize anwani hiyo inaicheza. Seva haihusiki kabisa, hata ikizimwa matangazo yanaendelea. Ukishaonja utaipenda. Nilitumia anwani inayoanzia 239 kwa sababu safu hiyo imetengwa kwa matumizi ya ndani, nikaweka kwenye simu zote, nikatest, safi. Nikaenda zangu kula. Kurudi, kimya. Napiga, naongea, hakuna simu inayotoa sauti hata moja. Nikawasha upya simu moja, hiyo ikasikika, nyingine kimya. Baada ya dakika chache na yenyewe ikanyamaza.

Hiyo ilinikalia kichwani usiku mzima. Kumbe ni swichi. Swichi zenye IGMP snooping zinachungulia ni simu ipi imeomba multikasti ipi ili zisimwage kila mahali, jambo zuri, lakini zinahitaji mtu wa kuuliza mara kwa mara "bado mnataka?" na huyo muulizaji, kweria, hakuwepo kwenye mtandao wangu. Simu ikiwaka inajiandikisha yenyewe, swichi inamkumbuka kwa sekunde 260 kwa kawaida, hakuna anayeuliza tena, jina linafutwa. Sekunde 260 ni dakika nne na ushee, ndo maana jaribio langu lilipita na matumizi ya kweli yakafeli. Nikawasha kweria kwenye swichi kuu na mpaka leo haijanyamaza.

Ila multikasti ina masharti yake. Haivuki VLAN (mtandao uliogawanywa ndani ya swichi) wala VPN (njia ya siri ya kuunganisha matawi kupitia intaneti) bila kuibebesha kwa makusudi, kwenye Wi-Fi inasafirishwa kwa kasi ya chini bila uthibitisho wa kufika kwa hiyo simu zisizo na waya zinakatakata, na haiulizi we ni nani, yeyote mwenye laptopu kwenye mtandao ule akiijua anwani anaweza kutangaza chochote. Kwa hiyo nimebaki na mchanganyiko, multikasti kwa jengo hili, Page kwa watu wachache wa tawi.

Mkutano ulikuwa rahisi kuuweka na mgumu kuishi nao. Kuuweka ni ConfBridge(800) na mistari michache kwenye confbridge.conf. Kitu cha kwanza ni kuwaelewesha watu kwamba kile kitufe cha mkutano kwenye simu yao si hiki. Kile kinafanya simu yenyewe ichanganye sauti, inaweza watu watatu au zaidi kidogo kutegemea na simu, na kwa simu nyingi aliyeanzisha akikata na wenzake wamekatika. Chumba cha kwenye seva hakijali nani katoka. Seva inamtengenezea kila mmoja mchanganyiko wake, sauti za wote ukiondoa yake mwenyewe, manake ukisikia sauti yako mwenyewe ikirudi na kuchelewa kidogo huwezi kumaliza sentensi, jaribu uone.

Pini ni lazima kama chumba kinafikika kutoka nje, hili sina mjadala nalo. Weka pini mbili, ya washiriki na ya mwenyekiti, na uweke wait_marked ili watu wakifika kabla ya mwenyekiti wasikilize muziki badala ya kuanza kusengenyana wakidhani wako peke yao. Kutangaza majina ya wanaoingia na kutoka ni kuzuri kwa watu watano, kwa watu 20 ni adhabu, mkutano mzima ni "ameingia, ametoka, ameingia." Nimezima, nikawasha dsp_drop_silence ambayo inaacha kuchanganya mstari wa mtu aliye kimya, na feni za watu zikapungua sana masikioni. Kwa wa nje kumbuka kila mmoja anakula chaneli moja ya laini zako za kutokea, ukiwa na chaneli nane na wageni wanane basi hakuna mteja anayeweza kukupigia mpaka mkutano uishe. Na kama mtu yuko nyumbani anasikia lakini hasikiki, angalia kwanza SIP ALG kwenye ruta yake, kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP njiani, izime, halafu hakikisha milango ya sauti upande wako imefunguliwa, kwangu ni UDP 10000 hadi 20000. Mara nyingi inaishia hapo.

Mkutano wa kwanza mkubwa ulikuwa na watu 11. Dakika ya kumi hivi mmoja wa nje akapata simu nyingine, akatuweka sisi pembeni ili aipokee, na mfumo wa simu wa ofisini kwao ukaanza kutupigia muziki wa kusubirisha. Kinanda. Kwa sauti ya juu. Yeye hasikii kitu, anaongea na mtu wake huko, na sisi kumi tunapiga kelele "jamani nani huyo, jamani" juu ya kinanda. Mwenyekiti akakumbuka nilimfundisha *3 inamtoa mtu, akaibonyeza. Sikumwambia vizuri kwamba *3 inamtoa aliyeingia mwisho, si anayesumbua. Aliyeingia mwisho alikuwa mgeni rasmi. Kinanda kikaendelea, na kabla sijafika kwenye konso mwenyekiti akawa ameshabonyeza *3 mara ya pili.

Nikaandika confbridge list 800, nikatafuta laini ya kutoka nje iliyokaa muda mrefu, nikaiziba mdomo kwa confbridge mute, pakatulia. Mgeni rasmi alirudi mwenyewe, akaingiza pini upya, akasema nadhani mtandao wangu una shida kidogo. Tukamwacha aamini hivyo. *3 nimeshaiondoa kwenye menyu ya mwenyekiti.